Mwaka Tuliomchora Mbinzo

Mwezi uliopita tulimzika Tonton Kalonda, ndugu wa mama yangu, na siku zote za matanga nilikaa pembeni ya turubai, pale nyumbani kwake Kabondo, hapa Kisangani, nikiwasikiliza walimu. Walikuja wengi, wengine kwa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, wengine kwa pikipiki kutoka mbali, maana Tonton alikuwa inspekta wa shule za msingi karibu maisha yake yote. Kila mmoja alikuwa na kisa chake. Jinsi alivyoingia darasani bila hodi, akakaa nyuma kabisa na kunyamaza mpaka kengele. Jinsi alivyomrudisha mwalimu mmoja nyumbani akabadilishe shati. "Na yeye alikuwa hachekake," akasema mzee mmoja, na sote tukacheka, kwa sababu matanga ya kwetu bila kicheko hayajakamilika. Ndipo Dido akaja kuketi karibu nami. Dido ndiye niliyetengeneza naye filamu yangu ya kwanza ya katuni. Sasa anafanya kazi Kinshasa, kitambi kimemtoka na ndevu zimeingia mvi, na tulikuwa hatujaonana miaka mingi. Akaitazama picha ya Tonton iliyowekwa mezani, akatikisa kichwa. "Huyu papa alitusumbua, Feza," akasema. Nikamwambia ni kweli. Kisha nikalia kwa mara ya kwanza tangu msiba ulipoingia, nikalia kama mtoto, kwa sababu nilimpenda mtu yule kuliko nilivyowahi kumwambia.

Watu huniuliza ni nani aliyenifungulia njia. Nimekuwa mtengenezaji wa katuni za watoto kwa muda mrefu, nina jina kidogo, na mimi si mtu wa kujishusha bure. Wanatarajia nitaje shule kubwa au mgeni fulani aliyeniona na kushangaa. Huwa nawajibu kwamba njia yangu ilifunguliwa na mtu aliyetaka kuifunga, na wakicheka nawaacha wacheke. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimemaliza chuo, nakaa kwa Tonton, nakula chakula chake. Alikuwa amenitafutia nafasi ya kufundisha Bafwasende, na haikuwa kazi rahisi kuipata. Alikuwa amewasumbua wakubwa wake, yeye ambaye hakupenda kumsumbua mtu. Siku aliyoniletea habari hiyo tulikuwa mezani mchana, tunakula lituma ya ndizi za kuponda na samaki wa kukaushwa, na tantine Mariamu, mkewe, amevaa kitenge chake cha kutokea kana kwamba sherehe imeanza. Mimi nikasema, kwa sauti ndogo lakini nikasema, kwamba nimeshapata kazi nyingine.

"Kazi gani?" akauliza Tonton.

"Kutengeneza filamu, Tonton. Ya katuni. Ya watoto, juu ya pori na wanyama wake."

Akatoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Feza, mutoto anafundishwa na mwalimu. Ile ya kurukaruka mu écran ya televisheni, atacheka leo, kesho ameshasahau."

"Muache ajaribu," akasema tantine. "Wewe pia, wakati nilikujua, ulikuwa unasema utapiga gitaa."

Nilidhani atakasirika. Alikula kidogo, akanywa maji, akafuta mdomo. "Bon," akasema. "Nitakupatia mwaka moja. Ile nafasi ya Bafwasende nitaomba waniwekee. Mwaka ikiisha, kama hakuna mutoto hata moja amejifunza kitu mu ile katuni yako, unafunga sakosi ya nguo unaenda kufundisha. Na sitasema mara mbili." Nikakubali palepale. Nilikuwa na uhakika wa mtu ambaye bado hajaanza, na sioni haya kuusifu uhakika ule, kwa sababu ndio ulionibeba.

Studio yetu, tukiiita hivyo kwa heshima, ilikuwa chumba kimoja nyuma ya saluni ya nywele, upande wa Simi-Simi. Kilikuwa na dirisha moja, kompyuta ya Dido iliyofunikwa taulo ili vumbi lisiingie, na meza aliyoitengeneza mwenyewe kwa kioo cha dirisha na taa chini yake. Unaweka karatasi juu ya karatasi, mwanga unapita, unaona mchoro wa jana na kuchora wa leo ukiwa umesogea kidogo tu. Sekunde moja ya filamu ilitudai michoro kumi na miwili. Ikishatiwa rangi tuliitundika ikauke kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, ukuta kwa ukuta, hata kuingia ilibidi uiname. Kati yetu na saluni kulikuwa na mbao tupu, na wanawake waliokuwa wakisukwa upande wa pili hawakujua, au hawakujali, kwamba tunasikia. Nusu ya yale niyajuayo kuhusu ndoa niliyapata pale, nikiwa nimeshika penseli. Umeme ukikatika tuliwasha jenereta ya saluni, na jenereta ikigoma tuliketi mlangoni kwenye upepo tukibishana juu ya hadithi. Dido alikuwa mtoto wa mto, watu wao ni wa Isangi, wanapeleka bidhaa kwa mtumbwi mkubwa wa injini. Alikuwa mpole, mwepesi wa mkono, na hakupenda ugomvi. Ugomvi wote niliuleta mimi.

Filamu ilikuwa imeagizwa na shirika moja dogo lenye ofisi Kinshasa. Mtu wao aliitwa Monsieur Gaston, mwenye sauti laini ya simu, na agizo lake lilikuwa wazi: dakika tano, kwa Kiswahili cha hapa hapa, na mtoto akimaliza kutazama awe amempenda mnyama wa pori kiasi cha kutaka kumlinda. Tulichagua kiwavi, wa aina ile tunayoiita mbinzo, kwa sababu maisha yake ni hadithi iliyokwisha kuandikwa: yai juu ya jani, kiwavi anakula na kunenepa, anashuka kutoka mtini, anaingia udongoni, analala, halafu anatoka akiwa nondo mwenye mabawa, na nondo anataga mayai. Tukampa macho makubwa, sauti yangu, na maneno mengi matamu. Ili tumchore sawasawa tulikwenda sokoni msimu ulipoanza, tukanunua mbinzo hai kwenye bakuli la mama mmoja, tukawaweka juu ya kioo chenye taa. Tuliwatazama asubuhi nzima. Ndipo nilipojua kwamba mwendo wa kiwavi huanzia nyuma. Mkunjo unatoka mkiani, unapita mwilini, unafika kichwani mwisho, na ukimchora kinyume mtoto anaona kuna kosa hata kama hajui kulitaja.

Ikifika saa sita mchana, Dido alichukua wale wale tuliokuwa tumewachora, akawaosha, akaazima kikaango cha saluni, akawakaanga kwa mafuta ya mawese, kitunguu na pilipili. Tulikula na kwanga ya muhogo, tukiwamegea na wasusi. Walikuwa watamu. Baada ya hapo nilinawa mikono, nikarudi kwenye kiti changu, nikaandika maneno ya kiwavi: "Mimi ni rafiki yako, tafadhali usiniguse." Tulifanya hivyo siku baada ya siku, na si mimi si Dido aliyeona kitu. Ninapowasimulia wanafunzi wangu leo wanadhani natia chumvi. Lakini mtu wa Kisangani anaweza kula na kuimba sifa za anachokila bila kupepesa macho, na sisi tulikuwa watu wa Kisangani hasa.

Tulipomaliza tuliipeleka kwa Madame Béa, mwalimu wa shule moja ya Kabondo, mwanamke mnene, mcheshi, aliyekuwa na darasa lililojaa hadi madirishani. Tuliazima mashine ya kuonyeshea kutoka parokiani na kufunga shuka ukutani. Monsieur Gaston alikuja kwa ndege kuona mwenyewe. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, akaketi mbele. Dido aliweka simu yake chini ya benchi za katikati inase sauti, kwa sababu tulikuwa na desturi hiyo: mtoto hatakwambia ukweli wa filamu yako ukimuuliza, atamwambia jirani yake. Filamu ikaanza. Yai likapasuka, watoto wakashangilia, na mimi nikavimba kichwa. Kiwavi akaanza kula majani, akanenepa, akanenepa tena, na darasa likaanza kusogea mbele kwenye benchi.

"Iko mafuta hii," akasema mmoja.

"Kwetu tunaweka na majani ya sombe," akasema mwingine.

"Sombe? Inaharibu. Iko ya kukaanga, na pilipili."

Kiwavi wangu akageuka na macho yake makubwa, akasema yeye ni rafiki yao. "Basi kuja huku mu sungunya," akakaribishwa chunguni kutoka nyuma, na darasa zima likaanguka kicheko, hata Madame Béa akajificha uso kwa kitenge. Mwishoni, nondo alipotoka udongoni na kuruka angani kwa muziki tulioutafuta kwa wiki nzima, sikusikia shangwe. Nilisikia mguno mmoja mrefu wa watu walionyang'anywa chakula. Monsieur Gaston hakugeuka.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, alituambia bila ukali. "Mubadilishe ule mududu. Muchore kiwavi ya kijani, ile ya vitabu, yenye hakuna mutu anakula. Nitarudi mvua ikipungua." Dido akasema ndiyo haraka haraka. Njiani nilimgombeza mpaka waendesha toleka wetu wakageuka kutazama. Dido akasema mteja ni mteja, tuchore kijani, tumalize, na mimi nikasema kiwavi wa kijani wa vitabu hakuna mtoto wa Kabondo aliyewahi kumwona, tutamfundisha nini kwake. Yalikuwa maneno mazuri, lakini sikuwa na la kuweka mahali pake. Nyumbani Tonton alikuwa akinisubiri barazani, ameshasikia. Mji huu hauna siri. Hakuniuliza kama walicheka. "Walijifunza nini?" akauliza. Nikamtajia mapishi ya sombe. Aliinuka akaingia ndani, na mimi nikabaki pale na aibu iliyonipanda mpaka masikioni, kwa sababu swali lilikuwa la haki.

Siku chache baadaye mvua kubwa ilinyesha mchana, saluni ikafungwa, na kwa mara ya kwanza chumba chetu kilikuwa kimya upande wa pili wa mbao. Dido alikuwa amenuna, anachora kiwavi wake wa kijani bila hamu. Nikachukua simu yake kusikiliza ile sauti ya darasani, kwa ukaidi tu, nikitaka kujiumiza vizuri. Mapishi, vicheko, mapishi tena. Kisha, pale filamu ilipofika kiwavi anaingia udongoni, nikasikia sauti ya msichana, karibu kabisa na simu.

"Iyo hatuichimbue tena. Ilishaingia mu udongo. Iyo ni ya mwaka kesho."

"Kwetu pia tunaachaka," akasema mwingine.

"Sisi, jirani yetu anakataka muti yote aangushe zenye ziko juu."

"Muti yote? Basi mwaka kesho atakula nini?"

Nikamwomba Dido aache penseli. Nikamrudishia sauti ile kutoka mwanzo. Ni jambo ambalo mimi na yeye tulilijua tangu tunanyonya: kwa nyumba nyingi za huku, mbinzo anayeshuka mtini unamwokota, lakini aliyekwisha kujifukia hachimbuliwi, na anayemchimbua anatazamwa kama mtu anayekula mbegu za shamba. Hakuna aliyetuambia kwamba hilo ni somo, kwa hiyo hatukulitia katika somo. Tulikuwa tumekwenda kuwafundisha watoto wasile, na wao walikuwa wanabishana juu ya kula leo na kula mwakani, hoja ambayo ni kubwa kuliko yetu. Dido alisikiliza mara mbili, akazikusanya karatasi za kijani, akazitia chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba. "Tuanze na sungunya," akasema.

Tukaanza na sungunya. Picha ya kwanza ya filamu mpya ni chungu kinachotokota, na mkono wa mama unaonja. Halafu wasichana wawili na kapu lao, wanaokota chini ya mti na kugombana njia nzima. Sauti zao tulizichukua kwa Madame Béa, wanafunzi wake wenyewe, na sikuwaandikia kitu. Niliwaonyesha michoro na kuwaacha wabishane. Kiwavi alibaki na sauti yangu, niliyoisemea ndani ya kikombe cha bati, lakini nilimwondolea utamu wote. Sasa alikuwa mjanja, mfanyabiashara. "Wenzangu muliwakula?" anauliza, nusu mwili ukiwa tayari udongoni. "Tuliwakula." "Walikuwa watamu?" "Sana." "Basi mimi muniache, nitawaletea wengine." Msichana mmoja anamrudishia udongo kwa kiganja, na tunamfuata kiwavi chini, gizani, mpaka mvua zipite na nondo apande kutaga juu ya mti uleule, mti ambao hakuna aliyeukata. Tulifanya kazi ile kwa miezi kadhaa, na sijawahi tena kuwa na furaha ya kazi kama ile. Nilijua ni nzuri. Kuna wakati mtu anajua, na mwenye kujua hana haja ya kujifanya hajui.

Monsieur Gaston alirudi kama alivyoahidi, tukaonyesha tena katika darasa lile lile. Safari hii watoto walicheka mahali pa kucheka, na nondo alipotaga wakahesabu mayai kwa sauti. Msichana mmoja akamwambia mwenzake, "Ni vile kabisa," na kwangu hicho kilikuwa cheti. Lakini Gaston alitoka uso umekunjamana. Alisema filamu ni nzuri, aliisifu hasa, kisha akasema chungu kiondoke. Wakubwa wake watasema tunafundisha watoto kula wanyama wa pori.

"Papa Gaston," nikamwambia, "ukitoa sungunya, ile kiwavi itaogopa nini? Na watoto wataacha nini?"

"Ninaelewa, Feza. Mimi pia nilizaliwa hapa. Lakini na sungunya siwezi kuichukua."

Dido alikuwa ananitazama kwa macho ya kuniomba. Niliuona mwaka wangu ukiisha, nikaiona Bafwasende na sanduku langu la chaki. Nikasema basi, chungu kinabaki. Gaston akatushika mikono kwa adabu, akaenda, na shirika halikuichukua filamu. Nimeulizwa kama niliogopa. Niliogopa sana. Lakini kuogopa na kukosea ni vitu viwili, na sikuwa nimekosea. Siku chache baadaye Madame Béa alikuja na simu yake akitaka nakala ya kufundishia. Mwalimu jirani yake akataka pia. Dido akatia nakala nyingine katika kadi za kumbukumbu za simu za binamu zake wanaoshuka na mtumbwi wa injini mpaka Yanonge na Isangi, ili wawaonyeshe watoto wao. Nilidhani hapo ndipo mwisho wake, na nikaanza kuwaaga wasusi wa saluni.

Mwaka ulikaribia kuisha Tonton akiwa katika ziara ya ukaguzi, mbali kupita Isangi, upande wa Yahuma. Nilikuwa nimeshafunga sakosi, begi langu la safari, nikaiweka karibu na mlango mwenyewe, sikutaka kuambiwa. Akarudi mchana mmoja, suruali imejaa tope mpaka magotini, akaoga, akaketi kula. Tantine alikuwa anapiga pasi magauni yangu ya ualimu. Alipomaliza alinawa, akaisogeza sahani.

"Huko Yahuma," akasema, "kuko shule moja ya udongo na majani. Mwalimu hana hata kitabu. Nikaingia, akatoa telephone, akaiweka juu ya kiti, watoto wote wakajipanga chini. Nikasema bon, huyu leo nitamuandika mubaya." Akaitazama mikono yake. "Kisha nikasikia kiwavi inasema na sauti yako."

Tantine akaisimamisha pasi.

"Watoto walikuwa wanasema pamoja nayo, neno kwa neno. Ikiisha, mwalimu akaificha telephone, akauliza. Yai inakuwa nini, kiwavi inaenda wapi, juu ya nini hatukate muti. Walijibu wote, Feza. Na kwetu ni mbali kutoka kule, sijui ilifika namna gani."

Nikavuta kiti karibu naye. "Ulimwambia mwalimu kama ni mimi?"

"Mu classe? Hapana. Inspekta hajisifuake mbele ya watoto." Akajikohoza. "Lakini mu njia nilisema kwa kila mutu. Hata mwenye kunivusha mto na pirogue alichoka kunisikia."

Nikamuuliza kuhusu Bafwasende, kwa sababu sakosi ilikuwa pale mlangoni na mwaka ulikuwa umeisha kweli.

"Ile nafasi nilishaipatia mutu mwingine," akasema Tonton. "Wewe uko na kazi."